Maneno ya Mgongoni

Tangu nilipokabidhi funguo za chumba cha sauti, vijana mliobaki pale mmekuwa mkinipigia simu na swali lilelile: zile filamu za Kiirani tulizitia Kiswahili namna gani, na kwa nini watu wa pwani mpaka leo wanawakumbuka wanaume wa filamu hizo? Nimeona niandike mara moja, nisiwe narudia. Sitaeleza nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, maana hayo hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya maiki na midomo ya mtu mwingine inamngoja. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, na nitamweleza Mzee Nasoro, kwa kuwa bila yeye sina la kueleza. Waliomwona kati yenu ni wachache. Waliomsikia ni wengi kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Tulianzia Jeddah, ghorofa ya juu ya duka la mazulia. Kuta za chumba tulizifunika kwa mazulia mabovu tuliyopewa na mwenye duka, nayo yalikula mwangwi vizuri. Shida ilikuwa kiyoyozi. Kiliunguruma, kwa hiyo kila tukirekodi tulikizima. Sasa fikirini Jeddah, kiangazi, mlango umefungwa, mazulia pande zote. Katika filamu, baba wa Tehrani amevaa koti zito, theluji inamwangukia mabegani, anapuliza viganja vyake apate joto. Sauti yake ilikuwa inatoka kwa mtu mwenye fulana na kikoi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye karatasi. Watazamaji walisifu jinsi alivyosikika akitetemeka kwa baridi. Alikuwa karibu kuzimia.

Mtu mwenye kikoi alikuwa Mzee Nasoro. Wazee wake walihama Unguja na kuingia Hijazi baada ya sitini na nne, kama wangu, lakini wao waliteremkia Karantina, mtaa wa Jeddah, na hawakuhama tena. Alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi kabla ya kuja kwetu. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, sauti ambayo ikikuambia basi limeondoka, huulizi mara ya pili. Mudiri wetu, yaani meneja, Mhijazi mwenye haraka zake, alimpa mababa wote, mahakimu wote, na kila mwenye duka aliyezidi umri wa kunyoa ndevu. Mimi nilipewa waume na makaka.

Siku yangu ya kwanza nilijitia ujuzi. Nilifika na karatasi zangu nimezipigia mistari, nikavaa hedifoni, nikamwambia fundi mitambo aanze. Mzee Nasoro akanyoosha mkono akaizima sauti.

"Bwana Haroub," akasema, "unakwenda wapi?"

"Narekodi, mzee."

"Humjui huyu. Unamsemea mtu humjui?" Alikuwa na karafuu shavuni, kama kawaida yake, alisema inafungua koo. "Mtazame kwanza bila sauti. Mtazame mikono. Mdomo wake umeandikiwa maneno, mikono haikuandikiwa."

Tulitazama filamu nzima kimya, mimi na yeye, kama wazee wawili waliokosana. Nilimwona mume wangu, yaani yule niliyepaswa kumsemea, akichezea funguo za gari kila mkewe alipotaja kazi. Nusu ya filamu ndipo nikaelewa: hana kazi, na nyumbani hawajui. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anatoka, anakaa ndani ya gari mtaa wa nyuma mpaka jioni. Hakuna mahali anaposema hivyo. Nilipokuja kumsemea, sauti yangu ilikuwa imeshateremka yenyewe.

Lazima niwaambie jinsi wanaume wale walivyokuwa, maana ndio waliokuwa kazi yetu. Filamu za zamani tulizoletewa zilikuwa na wanaume wa kuchongwa: askari, mzee wa mtaa ambaye akikohoa barabara nzima inatulia, baba ambaye neno lake likitoka halirudi. Hao ni rahisi. Unavuta pumzi, unanguruma, unakwenda kula. Filamu mpya, zile zilizotujaa mezani, zilileta watu wa namna nyingine. Mwanamume amesimama mbele ya karani na faili mkononi, anaambiwa arudi kesho. Kaka anampigia kelele dada yake ngazini, anataka kuchunga heshima ya nyumba, kelele zikiisha anakaa palepale kwenye ngazi kwa sababu hana pa kwenda. Kijana anamwogesha baba yake aliyesahau majina, anamsugua mgongo taratibu, na hajui kuwa sisi tunamwona. Wanaume wenye hasira, ndiyo, lakini ukiwatazama sana hasira ile ilikuwa shuka tu, chini yake kulikuwa na aibu.

Wakati huo serikali ya huku Saudia na ya kule Iran zilikuwa hazisemezani. Sisi watu wa ghorofa ya mazulia tulikuwa tunasemezana nao kila siku, na hakuna aliyetuuliza.

Maandishi yalitufikia yamepita mikono miwili. Mfasiri mmoja Mbahraini, ambaye kwao walizungumza Kiajemi, aliyageuza kuwa Kiarabu, nami nikayatoa kwenye Kiarabu kuyaingiza kwenye Kiswahili. Kupatanisha midomo ndio ufundi wenyewe. Mwajemi akifumba mdomo, Mswahili naye afumbe. Mungu azibariki ndevu, zimetuficha mengi. Lakini tatizo letu kubwa halikuwa maneno. Lilikuwa kimya. Wanaume wale walinyamaza mno. Mke anasema kesho anakwenda mahakamani kudai talaka yake. Mume anageuka, anampa mgongo, anajaza birika maji. Birika linajaa. Birika linawekwa motoni. Hakuna neno.

Mudiri alishika kichwa. "Watazamaji wa Mombasa watadhani sauti imekatika. Watabadilisha chaneli. Yalla, Haroub, mpe neno."

"Hajasema neno, ya mudiri."

"Amekupa mgongo. Nani anaona mdomo?"

Hapo ndipo yalipoanza yale tuliyoyaita maneno ya mgongoni. Kila mwanamume alipogeuka, mimi nilimwandikia. Yule wa birika nilimpa: "Nisamehe, mama watoto. Nimechoka, lakini nisamehe." Nililisema polepole juu ya mlio wa maji. Filamu iliporushwa Alhamisi, kama zote, simu ziliingia kutoka Tanga, Lamu, Dar. Wanawake walitaka kujua kama yule mwigizaji ameoa. Mudiri akafurahi, na tangu siku hiyo kila mgongo ulikuwa shamba langu. Waume wa Tehrani waliomba radhi, walikiri mapenzi, walijieleza. Kwa Kiajemi walikuwa wanatazama ukuta.

Mzee Nasoro hakukubali hata mara moja. Mababa zake walipogeuka, waligeuka wakanyamaza.

"Mimi simsemei mtu alilokataa kusema," alisema.

"Mzee, watu wanataka kusikia."

"Basi na waolewe na redio."

Mudiri alimwachia kwa sababu ya ile sauti. Ikawa ndio utaratibu wetu kwa miaka: wanaume wangu wanasema, mababa zake hawasemi, na filamu ni moja.

Sababu ya ukaidi wake niliijua kwa vipande, Ijumaa hadi Ijumaa, tukila wali kwake Karantina. Mzee Nasoro alikuwa na binti mmoja, Rukia, aliyelelewa Unguja na bibi yake baada ya mama kufariki. Rukia alipotaka kuolewa alimchagua mwanamume aliyekwisha kuacha wake wawili. Baba akasema hapana kwa simu. Binti akaolewa. Baba hakwenda, hakupiga, akakaa kungoja binti apige aombe radhi. Binti naye hakupiga. Kilichokuwa kimya cha wiki kikawa cha miaka. Lakini dada yake Mzee Nasoro, aliyekaa jirani na Rukia, alimpasha habari moja iliyombadilishia kazi yake yote: Rukia haachi filamu hata moja. Sauti ya baba yake ikiingia, anaongeza sauti ya runinga na kuwanyamazisha watoto.

Kwa hiyo mzee alikuwa na msikilizaji mmoja. Mimi niliwasemea watu wa pwani nzima, yeye alimsemea mtu wa Unguja. Hakutaka kumdanganya. Kama ni baba wa filamu aliyemwambia bintiye kitu, basi kiwe kitu alichokisema kweli.

"Kwa nini usimpigie tu?" nilimuuliza siku moja.

"Anijua nilipo. Kila Alhamisi nipo sebuleni kwake."

Majumba ya sinema yalipofunguliwa nchini na kazi za filamu zikahamia mji mkuu, kampuni ikahamia Riyadh. Mzee Nasoro alikataa kuacha Karantina. Tukakubaliana aje kwa kila filamu, akae siku zake, arudi. Mimi nilihama. Mke wangu alikuwa ameshafariki Jeddah, na hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo vitu vyangu viliingia kwenye masanduku mawili na nafasi ikabaki. Nilipanga chumba Al-Naseem, kwenye mtaa wa nyumba za familia, kila nyumba na ukuta wake na mlango wa chuma. Riyadh haina bahari ya kwenda kuitazama mtu akikosa la kufanya. Siku za mapumziko nilikwenda Al-Dirah, sokoni, si kwa kununua. Nilipenda kusimama karibu na watu wanaopatana bei. Nilijifanya nachagua tasbihi.

Kazini pale Riyadh ndipo tulipompata Mwende, Mkamba wa Machakos. Alikuwa ametoka kutumika ndani ya nyumba huko huko Al-Naseem, madam wake akahamia nje ya nchi, kafili, mdhamini wake, akakubali ikama yake, kibali cha ukaazi, ihamishiwe kwetu. Aliletwa kwa usafi. Siku moja mwanamke wetu wa kurekodi hakuja, mudiri akamvuta Mwende na ndoo yake mbele ya maiki. Alisoma mara moja, akauliza, "Hivyo?" Hakuirudia ile ndoo.

Mwende ndiye aliyeliona jambo ambalo sisi wanaume tulikuwa tumelitazama miaka yote bila kuliona.

"Mwalimu," aliniambia, tukiwa tunatazama filamu bila sauti, maana hata yeye nilimfundisha alivyonifundisha mzee, "huyu bwana hajamgusa bibi yake hata mara moja."

"Ndiyo sheria yao. Mwigizaji mwanamume hamgusi mwanamke asiye wake, hata kama ni mke wa filamu."

"Naelewa. Lakini angalia." Akanirudisha nyuma. Mume anapita mlangoni, anaviona viatu vya mkewe vimetupwa, anainama anavigeuza vielekee nje ili akivaa asisumbuke. "Huyo amemkumbatia. Na wewe ukamwekea hapo, ngoja nisome, 'Nakupenda kuliko maisha.' Kwani viatu havikutosha? Aki mwalimu, unaharibu."

"Watazamaji wanapenda."

"Watazamaji ni kina nani? Mimi ni mtazamaji. Dada zangu wote huko nyumbani wanataka bwana wa Iran. Mnawauzia watu hewa."

Nilicheka, lakini viatu vile vilinikaa. Baada ya hapo, kabla ya kujaza mgongo wowote, niliangalia kwanza kama mtu huyo ameshasema kwa njia yake. Wengi walikuwa wamesema. Mwanamume ameinamisha mwavuli upande wa mkewe na yeye analowa. Mwanamume anamega mkate anaweka kipande kikubwa mbali na mkono wake. Kijana unayeanza kazi hii, hicho ndicho chombo cha kwanza kabla ya maiki: jicho la Mwende.

Sasa nafika kwenye filamu ya mwisho ya Mzee Nasoro.

Ilikuwa juu ya fundi wa treni aliyestaafu. Binti yake wa pekee anahama nchi pamoja na mumewe. Baba hataki aende, na hasemi. Anamtengenezea gurudumu la sanduku. Anampimia uzito wa mizigo kwa mkono. Asubuhi ya safari binti anasimama sebuleni, anamwambia, "Baba, sema chochote." Baba anakwenda dirishani, anampa mgongo, anasimama. Anasimama muda mrefu kiasi kwamba fundi wetu mitambo alidhani picha imeganda.

Mzee aliposhuka kituoni kutoka Jeddah nilikwenda kumpokea. Alinisalimia, na nikageuka kuangalia nani amesema. Sauti ilikuwa kama mtu anakwaruza sufuria. Ndani ya teksi akaniambia yote, kwa kunong'ona. Koo lilikuwa limeota kitu. Madaktari wa Jeddah walikuwa wameshaamua: watakiondoa kile na sanduku la sauti pamoja nacho. Siku ilikuwa imepangwa, na haikuwa mbali.

"Baada ya hapo halas," akasema. "Sitasema tena. Nataka hii moja, Bwana Haroub. Rukia aisikie. Hata kama ni ya mwisho na yeye hajui ni ya mwisho."

Alikuwa amejaa karafuu mdomoni kama mtu anayeficha harufu ya kitu. Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Asubuhi yake aliingia chumbani, akavaa hedifoni, akasimama kama alivyosimama miaka yote, mguu mmoja mbele. Sentensi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakatika katikati. Fundi akarudisha. Ikakatika palepale. Akanywa maji, akatikisa kichwa, akaanza tena, na safari hii haikutoka kabisa; midomo ya mzee wa Tehrani ilikwenda, midomo ya Mzee Nasoro ilikwenda, na kilichosikika ni pumzi.

Mudiri alinivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Mafi sauti, hakuna sauti, Haroub. Yule baba mchukue wewe. Mwambie."

Nilirudi mlangoni. Mzee alikuwa ameshavua hedifoni na kuzitundika.

"Usijisumbue," alinong'ona. "Mlango ulikuwa wazi."

Nikadhani atakwenda zake. Akavuta kiti, akakaa ndani, karibu nami. Nikamrekodi baba wa treni nikiwa na Mzee Nasoro pembeni, na kila nilipokosea alinigusa kiwiko. Tulikwenda vizuri mpaka dirishani. Baba akageuka. Nami nikanyamaza, kwa heshima yake, maana ndiyo ilikuwa kanuni yake.

Akanigusa kiwiko. "Hapo," akasema. "Niandikie."

"Nini?"

"Maneno ya mgongoni. Wewe si ndiye bingwa? Mwandikie huyu baba. Aseme."

Mwende alikuwa kwenye kiti chake akisubiri zamu ya binti. Alituliza karatasi mapajani.

"Aseme nini, mzee?" nikauliza.

Alifikiri. Alitazama ule mgongo kwenye skrini, koti kuukuu, mabega. Aliniambia maneno, kisha akayafuta kwa mkono hewani. Akaniambia mengine, akayafuta. Miaka yote ya kunyamaza ilikuwa haikumwandalia hata sentensi moja.

"Mzee," nikasema, "chochote tutakachoweka, kitakuwa kwa sauti yangu. Rukia atajua si wewe. Atajua katika neno la kwanza."

Alishusha ule mkono. Nadhani hilo alikuwa hajalifikia.

"Mpigie."

"Nikisema nini?"

"Sijui."

Mwende akashindwa kuvumilia. "Lakini si umpigie tu! Kwani simu inauma? Nyinyi wazee, mtu akiwa mzima mnangoja, akiwa mgonjwa mnataka kutengeneza filamu. Mpatie simu, mwalimu. Mimi niko hapa, nikiona amekata nitampigia mwenyewe."

Tulikwenda kwenye jiko la chai, kile chumba kidogo chenye birika na glasi, kwa sababu palikuwa na mlango. Nambari ya Rukia mzee alikuwa nayo kichwani. Tulitumia simu yangu. Yake ilikuwa imekwisha chaji. Ikaita. Mwanamke akaitika, watoto nyuma yake wakigombana.

"Rukia," alinong'ona mzee. "Ni mimi. Baba'ko."

"Nani?"

"Baba'ko."

Kisha akasema, kwa ukali wa mtu aliyeogopa, "Sauti ya baba'angu naijua. Usinichezee, bwana wee." Akakata.

Mzee Nasoro aliishika ile simu kama glasi yenye chai ya moto, hajui aiweke wapi. Nimewaona wanaume wengi wakisimama hivyo, nimewatia maneno wengi. Huyu nilimchukulia simu mkononi nikapiga tena.

"Usikate, mwanangu," nikasema mara tu alipoitika. "Naitwa Haroub. Nafanya kazi na baba yako Saudia."

Halafu akasema, polepole, "Wewe nakujua. Wewe ndiye mume anayeomba radhi kila filamu."

"Ndiye."

"Mume wangu hakupendi."

"Namwelewa. Sikiliza, Rukia. Aliyekupigia ni baba yako kweli. Koo lake linaumwa, sauti imekwenda. Yupo hapa ananisikia. Atasema kwangu, nami nitakuambia wewe. Kama kazini. Utakubali?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na watoto wakawa mbali.

"Haya," akasema.

Mzee akaja karibu na sikio langu. Nilinusa karafuu. Nilijiandaa. Nilikuwa najua radhi za kila aina, fupi na ndefu, za kulia na za kutolia, nilikuwa nimeziandika zote mimi. Alinong'ona.

"Anauliza," nikasema, "umekula?"

Rukia akasema: "Mwambie bado. Ndiyo kwanza napika."

"Anasema usichelewe kula. Anauliza watoto ni wangapi."

"Watatu. Mkubwa anaitwa Nasoro."

Sikuhitaji kulirudia hilo, alikuwa amelisikia. Akashika ukingo wa meza ya chai. Alitaka kusema kitu kingine, lakini hakikutoka. Alijaribu tena, hakikutoka. Rukia alikuwa anangoja, nikisikia anavyopumua. Mgongo ulikuwa mtupu na mimi nilikuwa na maneno tele.

"Anasema nini?" Rukia akauliza.

"Sijasikia bado," nikasema. "Anajaribu."

Mara ya tatu nikasikia, na nikalitoa kama lilivyo, bila kulinyoosha. "Anasema alikuwa anangoja upige wewe."

"Na mimi," akasema Rukia. "Mwambie na mimi nilikuwa namngoja yeye."

Baba wa dirishani tulimwacha kama alivyokuja kutoka Tehrani. Mudiri alipiga kelele, filamu ikarushwa hivyo hivyo, na kama alivyotabiri watu walipiga simu kusema sauti imekatika. Niliwajibu kuwa haikukatika. Madaktari walimfanyia Mzee Nasoro kazi yao, Rukia alimtuma mumewe Jeddah kumfuata, na yule mwanamume aliyeacha wake wawili alikaa hospitalini na mkwe wake mpaka alipoweza kusafiri. Sasa mzee yuko Unguja. Karantina hakuna tena mtu wa kunipikia wali. Mwende alirudi Machakos kufungua duka, na kampuni imeacha filamu za Kiirani, inasema vijana wanataka mapigano. Nami nimestaafu, kama mjuavyo, na bado niko Al-Naseem kwa sababu sijapata sababu ya kuhama.

Juzi alasiri Rukia alinipigia. Alinieleza kuwa mzee anakula, anawafundisha wajukuu dhumna kwa vidole, anagombana na jirani kwa kuandika kwenye ubao. Nilifurahi, nikamwambia afikishe salamu. Nikangoja akate. Hakukata.

"Na wewe mwenyewe, ami?" akasema. "Hujambo?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema sijambo. Ndilo jibu, kila mtu analijua. Lakini sauti iliyokuwa inakuja ilikuwa ya mume wa birika, ile laini, niliyoitumia kwa watu wengi, nami nikaisikia kabla haijatoka, nikaizuia. Ikawa zamu yangu kunyamaza kwenye simu ya mtu. Nilitazama chumba, kitanda, masanduku mawili chini yake.

"Si sana, Rukia," nikasema. "Leo wewe ndiye mtu wa kwanza niliyesema naye. Na jana hakukuwa na mtu."

"Ngoja, ami," akasema. "Ngoja nizime jiko, nikae."